Vidole Kumi vya Kornelia

Barua ya Kornelia ilifika Kirua Vunjo kutoka Kampala ikiwa na vidole vyake ndani.

Mama yake, Dominika, aliifungulia jikoni kwa kisu cha kumenyea ndizi. Ndani mlikuwa na karatasi ya barua, nyembamba, yenye mwandiko alioujua. Mlikuwa pia na karatasi nyingine, ngumu, iliyopigwa mihuri ya polisi wa Uganda. Juu ya hiyo ngumu aliona madoa meusi, matano juu na matano chini, kila doa ndani ya kisanduku chake. Kwanza alidhani Kornelia ameichafua. Akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaisogeza karibu na macho. Ndani ya kila doa ilipita mistari myembamba mno, ikizunguka, ikipinda, ikirudi, kama mifongo ile waliyoichimba wazee kuleta maji vihambani, kwenye mashamba yao ya migomba, inavyozunguka vilima ikitafuta njia ya kushukia. Ilikuwa ngozi ya mwanawe. Alikuwa hajamwona Kornelia tangu alipoondoka akiwa msichana, na leo vidole vyake vyote vimekuja nyumbani peke yao.

Akafanya ishara ya msalaba, ndipo akaanza kuisoma barua. Alisoma polepole, neno kwa neno, kwa maana kusoma alijifunza ukubwani katika mafundisho ya ubatizo.

Kornelia aliandika kwamba yeye ni mzima na bado anauguza wagonjwa katika hospitali ile ile. Sasa Mungu amefungua mlango mwingine. Amepata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea ukunga. Nauli imepatikana na meli itaondoka Mombasa. Jambo moja tu limebaki. Watu wa huko wanataka cheti cha mwenendo mwema, na cheti hicho hakitolewi na polisi wa Kampala, kwa sababu Kampala yeye ni mgeni. Lazima kitoke kwao alikozaliwa, kwa polisi wa Moshi, wathibitishe kwamba hana kesi wala kosa. Zilikuwa siku za vita ya Mau Mau kule Kenya, na serikali ilimtazama kwa jicho la pembeni kila Mwafrika aliyevuka mpaka. Hospitali ilikwisha kumwambia wazi: cheti kikichelewa, nafasi atapewa mwingine. Mwenyewe hakuweza kuja, hakuwa na ruhusa. Mwisho wa barua alikuwa ameandika: Mama, nisimamie.

Basi Dominika akaamua kusimama. Alikuwa mjane, na hakuwa amewahi kukanyaga ndani ya kituo cha polisi. Moshi mjini alikujua kwa soko tu. Asubuhi alisali rozari yake yote, akavaa kanga safi, akaiviringisha ile karatasi ya vidole ndani ya kitambaa cha kanisani, akatoka. Alipopita kwenye ua wa kihamba, mkono wake ukanyooka ukakata jani la isale, akaliweka juu ya kikapu.

Kwa Mchagga jani hili si jani. Ni refu, la kijani, limechongoka kama ulimi wa mkuki, na ndilo linalopandwa mipakani na juu ya makaburi ya wazee. Mtu aliyemkosea mwenzake akienda kwake na isale mkononi, huyo mwenzake, hata awe na hasira ya moto, hawezi kumfukuza. Damu imewahi kumwagika na isale likaizuia isiendelee. Dominika alijiambia moyoni kwamba haendi mtu kwa wakubwa mikono mitupu, na kwamba jani lisilokataliwa na mtu yeyote mlimani halitakataliwa na serikali. Hakujiuliza zaidi ya hapo. Akateremka hadi barabarani, akapanda lori la Gurmit, Kalasinga aliyezoea kuchukua watu na ndizi pamoja, akafika Moshi jua halijawa kali.

Kituoni alipokelewa na Sajini Rajabu. Huyu alikuwa mtu wa Moshi mjini, Mwislamu, mwenye ndevu zilizokatwa vizuri na sauti ya mtu aliyechoka kupigiwa kelele. Baba yake alikuja zamani na reli kutoka Tanga, lakini bibi yake mzaa mama alikuwa Mchagga wa Uru. Alimwamkia Dominika shikamoo, akampa nafasi kwenye benchi kando ya mtu mwingine wa Kirua aliyekuwa amekuja kuulizia baiskeli yake iliyoibwa, na zamu yake ilipofika akamwita mezani.

Dominika alieleza shida yake, akafungua kitambaa. Sajini aliichukua ile karatasi kwa ncha za vidole, akaigeuza mwangani, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeonja mchuzi na kukuta chumvi imekaa sawa. Akasema polisi wa Kampala wamefanya kazi safi. Mama mwenyewe, ambaye swali lilikuwa limemkaa kooni tangu nyumbani, akauliza madoa haya yanamwambia nini mtu.

"Yanamwambia kwamba huyu ni Kornelia, na si mwingine," alisema Sajini.

"Mwingine yupi?"

"Yeyote, mama. Chukua watu wa Moshi wote, wa Tanganyika yote, Wahindi, Wazungu, waliokufa na ambao bado hawajazaliwa. Hakuna mwenye mistari hii. Hata mapacha waliolala tumbo moja, kila mmoja ana yake."

Dominika alifikiri anataniwa. Sajini, labda kwa kuwa hakukuwa na mtu mkubwa karibu, akavuta kibweta cha wino, akamwomba dole gumba lake, akalikandamiza juu ya kipande cha karatasi. Akaliweka lile doa jipya kando ya gumba la Kornelia. Dominika akainama. Mistari ya mtoto ilizunguka kama konokono. Yake ilipanda ikashuka kama mgongo wa kilima, na katikati palikuwa na kovu dogo la mundu wa kukatia majani ya ng'ombe. Alimzaa Kornelia, alimnyonyesha, watu walisema wamefanana hadi sauti, na hapa kwenye ncha ya kidole Mungu alikuwa ameacha njia ya mama akachora nyingine.

Alikuwa amefundishwa kwamba nywele za kichwa zimehesabiwa, na siku zote aliliona neno hilo kuwa zuri, kama wimbo. Leo aliliona kuwa kweli, na likamtisha. Maana kama Muumba hakuchoka kuchora kila kidole cha kila mtu, hata kidole cha mtoto wa Kirua aliyechunga mbuzi, basi hakuna mtu aliyewahi kupita mbele yake bila kutazamwa.

Sajini alimweleza njia iliyobaki. Karatasi itakwenda Dar es Salaam. Huko kuna nyumba iliyojaa alama za watu waliowahi kufungwa, na wataalamu watatafuta kama Kornelia yumo. Dominika akasema hayumo. Sajini akasema anaamini, lakini wataalamu hawaamini kwa neno la mtu mwingine. Kisha, akirudisha kibweta mahali pake, ndipo macho yake yalipoangukia kikapu.

Akaliangalia lile jani, akamwangalia mama, akasogeza kiti karibu na meza.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hili umemletea nani?"

Dominika akasema amewaletea wao, ili wasimkatalie.

"Bibi yangu alinifundisha kidogo mambo ya mlimani. Isale halitangulii kuomba kazi wala cheti. Isale hubebwa na aliyekosa," alisema Sajini. "Bwana Mkubwa, yule Mzungu wa kituo, akilikuta hapa mezani, akamwuliza karani wetu Mchagga maana yake, karani atasema mama wa huyu binti amekuja kukiri. Na mimi nitaamriwa nitafute amekiri nini. Sasa niambie wewe kwanza, kabla hajaja. Huyo mtoto alimkosea nani?"

Dominika alitaka kusema hapana mtu. Alikuwa ameulizwa na mgeni lile ambalo mkono wake ulilijibu pale uani kabla kichwa hakijaamka.

Sajini hakumbana. Alilichukua jani, akalirudisha kikapuni, akalifunika kwa kanga. "Hili si langu, mama," alisema. "Mimi hamjanikosea. Mpelekee mwenyewe."

Halafu akasema jambo ambalo Dominika hakulitegemea. Kabla karatasi haijaenda Dar es Salaam, sharti iambatane na ushuhuda wa mchili wa mtaa, yaani yule anayeangalia watu kwa niaba ya Mangi, chifu wa mlimani, kwamba kwake huyo binti hana neno. Alikwisha kuyaandika maneno hayo kwenye karatasi, bado gumba la mchili tu, na lionekane vizuri. Akamtilia kitambaa chenye wino ndani ya kopo tupu la dawa ya viatu, akampa pamoja na karatasi za Kornelia. "Nani mchili wenu?" aliuliza.

"Filemon," alisema Dominika, na alipolitamka jina hilo alijua safari yake ya Moshi ilikuwa mzunguko tu.

Yaliyotokea kati ya nyumba hizi mbili yalijulikana Kirua nzima, angalau upande wake wa nje. Filemon na marehemu mume wa Dominika walikuwa marafiki wa kuchimbiana mfongo na kuchinjiana mbuzi. Filemon alikuwa na kijana, Wenseslaus, na Dominika alikuwa na Kornelia. Wazee walikubaliana. Siku ya kukamilisha maneno, Filemon aliwaleta ndugu zake wote hadi wa Kilema, na mitungi ya mbege ikabebwa vichwani njia nzima watu wakiona. Walipofika, Kornelia hakuwepo. Alikuwa amekimbilia kwa masista wa misheni, akasema anataka kusoma uuguzi na hataki mume, nao wakampeleka Kampala. Filemon alikaa na wageni wake na mitungi yake mpaka povu likaisha juu ya pombe, kisha akainuka akarudi nayo. Pombe ya posa haijapata kurudishwa Kirua. Desturi ilitaka nyumba ya Dominika ipeleke isale. Halikupelekwa. Mwaka ule ule mume akaugua kifua, akafa.

Tangu hapo Filemon hakumtendea ubaya. Hili ndilo lililomchoma Dominika kuliko ubaya. Mchili ndiye mgawaji wa maji, na zamu ya mjane haikuwahi kupunjwa hata mara moja. Maji yalifika kihambani mwake kwa haki, yakiletwa na mtu aliyetumwa. Salamu tu ndiyo haikufika.

Sasa mtu huyu ndiye angeulizwa kama Kornelia ana neno.

Usiku ule Dominika hakula. Habari nazo zilimtangulia. Yule wa baiskeli alikuwa amerudi kwa lori la kwanza, na Kirua habari hazihitaji miguu. Asubuhi, wanawake mtoni walinyamaza alipofika. Dominika akarudi nyumbani, akapiga magoti mbele ya msalaba wake wa mti. Alianza kumwomba Mungu aulainishe moyo wa Filemon. Maneno hayo hayakwenda mbele. Akaomba jambo jingine kabisa, kwamba apewe mdomo wa kusema lile ambalo hakuna aliyelijua. Ndipo akaondoka.

Filemon alikuwa uani kwake akinoa mundu. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kizungu iliyokwisha rangi ambayo hakuivua ila kanisani. Dominika alisimama mlangoni pa ua kama desturi inavyotaka, hakuingia, jani mkononi. Mzee alimwona. Akaendelea kunoa.

"Nasikia unatembeza isale mjini," alisema bila kuinua kichwa. "Polisi walikukosea, au uliwakosea wewe?"

"Nilikosea mlango, meku," alisema Dominika, akimwita kama wazee wanavyoitwa kwa heshima mlimani.

"Mlango wangu ulikuwa haujajengwa?"

Dominika akalinyoosha lile jani mbele yake.

"Limenyauka," alisema Filemon, sasa akilitazama. "Limepanda lori, limekaa na askari, limerudi. Mimi ndiye nabakishiwa."

Mkewe alichungulia kutoka jikoni, akaona ni nani, akaweka mkono mdomoni, akarudi ndani. Filemon aliuweka mundu chini. Alikuwa amekasirika, lakini hata yeye, mchili, mwenye neno mbele ya Mangi, hakuweza kumwambia ondoka. Dominika aliliona hilo na likamshangaza, kwamba mtu mwenye nguvu kiasi kile amefungwa na jani ambalo mbuzi angeweza kulikanyaga.

"Haya," alisema mzee. "Isale halina mdomo. Mwenye kulileta hutaja kosa. Lakini usinichoshe na la binti yako. Hilo hata kuku wangu wanalijua."

"Sikuja na la binti yangu."

Filemon akainua uso.

"Kornelia alikuwa mtoto, akachagua njia," alisema Dominika. "Nimekuja na langu. Baada ya siku ile, mume wangu alikata isale aje kwako. Alikuwa ameshafika mlangoni. Mimi ndiye niliyemnyang'anya mkononi, nikalitia motoni. Nilimwambia tukipeleka isale tutakuwa tumesema mtoto amekosa kumfuata Mungu. Kumbe halikuwa la Mungu, meku. Lilikuwa la kiburi changu. Sikutaka mke wako anione nimeinama. Akangoja nibadilike. Akafa anangoja."

Upepo ulipita migombani. Filemon alikuwa ameshika ukingo wa kigoda.

"Alitaka kuja?" aliuliza.

"Alitaka kuja."

"Alikuwa ameshalikata?"

"Alikuwa nalo mkononi."

Mzee alivua kofia, akaiweka gotini, na kichwa chake kilionekana kidogo na cheupe. Miaka yote ile, alisema baadaye, hakuwa amemwekea kinyongo msichana. Wasichana hukimbia, hata shangazi yake alikimbia. Alichokibeba kilikuwa rafiki yake. Aliamini kwamba mtu waliyechimba naye mfongo alimdharau hadi kaburini, na siku ya maziko alisimama mbali kama afisa, hakutupa hata udongo. Hayo aliyasema baadaye. Kwa wakati ule aliinuka, akamfuata Dominika mlangoni, akalipokea lile jani lililonyauka kwa mikono miwili.

Dominika alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa masharti, hata kwa kuambiwa alete mbuzi na mashahidi. Hakuwa amejiandaa kuona mikono miwili. Akashika nguzo ya mlango.

Mke wa Filemon akatoka na kata ya mbege bila kuambiwa. Wakanywa kwa zamu, yeye mzee kwanza, kisha mjane, kutoka ukingo ule ule. Na desturi ndivyo ilivyo: isale likishapokelewa, lile neno limekufa. Atakayelitaja tena, huyo ndiye mkosaji.

Ndipo Dominika akatoa karatasi. Filemon alizishika kwa mashaka, akauliza yale madoa ni nini, na Dominika akamweleza kama alivyoelezwa na Sajini. Mzee alicheka kwanza. Alisema polisi wanaweza kumdanganya mjane, si yeye. Kisha akatia gumba kwenye kopo la dawa ya viatu, akaligandamiza chini ya maandishi, akaliinua, akatazama.

Hakucheka tena. Alikipeleka kidole karibu na macho, akakirudisha kwenye karatasi, akakipeleka tena. Akamwita mkewe, akamtia wino naye, kwenye ganda la mgomba. Wakalinganisha. Wakatazama vya Kornelia, kimoja kimoja, wazee watatu wameinamiana vichwa kama watu wanaotoa mwiba. Mistari ya Filemon ilikuwa imejikunja mara mbili, kama mto uliogeuza nia.

"Ruwa," alisema mzee polepole, akilitaja jina la Mungu kwa lugha ya mama yake. "Alikuwa na nafasi wapi ya kufanya haya yote?"

Akaishika karatasi ya ushuhuda, uso umejaa mshangao na furaha, na kama afanyavyo mzee wa Kichagga anapombariki mtoto anayekwenda mbali, akaitemea mate ya baraka. Alitema kidogo tu, kwa heshima yote. Yalitua juu ya gumba lake ambalo halijakauka. Wino ukatawanyika, mistari yote ikawa tope.

Walitazamana. Mke wa Filemon ndiye aliyeanza kucheka, na mjane akamfuata hadi machozi, cheko lililokuwa limefungiwa miaka. Lakini ndani ya cheko Dominika aliingiwa na hofu, kwa maana Sajini alisema gumba lionekane. Filemon akajipangusa mdomo. Alisema karatasi zina shida zao, yeye ana mdomo. Kesho watapanda lori pamoja.

Wakapanda. Gurmit alishangaa kumwona mchili mwenyewe ameketi juu ya mikungu ya ndizi, akamwuliza kama Mangi amemfukuza. Filemon akamjibu kwamba amepewa kazi kubwa zaidi, ya kupeleka mtoto Ulaya.

Sajini Rajabu alipoiona karatasi iliyotemewa aliuma mdomo asicheke, akawapeleka kwa Bwana Mkubwa. Alikuwa Mzungu kijana mwenye uso mwekundu kwa jua. Alimtazama Filemon tangu kofia hadi miguu, akauliza kwa Kiingereza, na Sajini akafasiri: je, mchili anamjua Kornelia binti wa mama huyu? Anamjua tangu kuzaliwa. Je, kuna kesi, au ugomvi, au neno lolote juu yake, kwa serikali au kwa watu?

Dominika alikuwa amesimama nyuma. Alijua neno lilikuwepo. Kirua nzima ilijua, na njia ya kwenda Kilema iliiona mitungi ikirudi. Mtu aliyebeba aibu ile alikuwa amesimama mbele yake sasa, na mlango wa Uingereza ulikuwa mdomoni mwake.

"Hakuna," alisema Filemon.

Mzungu akauliza tena, pengine kwa sababu Mzungu yeyote huuliza mara mbili. Hata dogo?

"Bwana," alisema mzee, "lingekuwepo, mimi ndiye ningekuwa nalo."

Sajini alifasiri. Bwana Mkubwa aliandika. Filemon akatia gumba upya, safari hii mikono yake akaiweka nyuma haraka, na mdomo akaufunga.

Dominika alimtazama mgongoni, kwenye shati lililotiwa kiraka begani. Alikuwa akitafuta katika sauti ile mahali alipodanganya, kama mama anavyopapasa paji la mtoto akitafuta homa, na hakupapata. Mzee hakuwa ameficha neno. Lilikuwa limeondoka kweli. Alikuwa amekiri dhambi zake kwa padre kila mwezi tangu abatizwe na kuambiwa zimesamehewa, akaitika amina. Lakini hakuwa amewahi kusimama kando na kuona kwa macho, mchana, jambo lililokuwepo likiwa halipo.

Karatasi zikaenda Dar es Salaam. Dominika alirudi kwenye migomba yake, akaomba asubuhi na jioni, na Filemon alipopita kwenye mfongo alisimama akauliza kama wataalamu wameshajibu. Akiambiwa bado, alisema huenda wanahesabu polepole. Siku moja Gurmit alileta ujumbe kutoka kituoni, mama aje.

Sajini alimpa karatasi moja iliyopigwa kwa taipu, yenye muhuri mwekundu chini. Ilikuwa ya Kiingereza. Dominika aliomba asomewe, na Sajini akasoma akifasiri, kidole kikifuata mstari: kwamba Kornelia, mzaliwa wa Kirua Vunjo, wilaya ya Moshi, ametafutwa katika kumbukumbu zote, na hakuna neno lolote linalojulikana juu yake.

"Soma tena hapo mwisho," alisema Dominika.

Akasoma tena.

Dominika aliipokea kwa mikono miwili. Kupitia dirishani mji ulikuwa katika shughuli zake, mikokoteni, kengele za baiskeli, mtu akiuza mkate. Aliyatazama yale maneno asiyoweza kuyasoma. Alifikiri juu ya Kornelia juu ya maji asiyoyajua, akiwa na karatasi hii kifuani. Alifikiri juu ya mumewe. Kisha taratibu, kanga ikishuka begani, alipiga magoti pale pale sakafuni mbele ya meza.

Sajini Rajabu alinyanyuka haraka. "Mama, simama. Hapa ni polisi."

"Najua, mwanangu," alisema Dominika, na hakusimama.

Askari kijana mlangoni alitaka kuingia amwinue. Sajini akamzuia kwa mkono. Akavua kofia yake, akaishika kando ya paja, na akabaki amesimama hivyo, akimngoja amalize.